Mchuzi wa Fundi Bomba

Kama wiki iliyopita ulinisoma huku unakula, nisamehe. Wiki hii weka sahani pembeni kabisa. Utanishukuru.

Kwa ambaye hakuwepo: mimi ndiye yule ninayeendesha kurasa za watu mtandaoni. Nina wateja wawili tu. Wa kwanza ni dada yangu, anayepika chakula cha kuuza. Wa pili ni Fundi Bomba, anayezibua masinki na vyoo. Kazi ya kutafuta picha za kuweka kwenye kurasa hizo ilinichosha, nikamkabidhi mwanamke mmoja ninayemjua kwa sauti tu, anayefanya kazi kwa mtandao akiwa kwao huko mbali. Kwenye simu yangu nimemwandika Msaidizi. Yeye anachagua picha, mimi natuma dole kuidhinisha.

Na nilikuwa natuma dole bila kuifungua picha. Hiyo dhambi nilishaiungama.

Basi ikapanda picha moja kwenye ukurasa wa dada. Sufuria imepigwa kutoka juu, mchuzi mzito wa nyama, mafuta yanang'aa, mvuke unapanda. Laiki elfu nne. Watu wanaandika kwamba wamemeza mate mpaka wameshiba. Mwalimu Mkuu wa shule moja kubwa akampigia dada mwenyewe: tunatafuta mtu wa kuwapikia wanafunzi wetu, njoo Alhamisi kamati ionje, na tafadhali utupikie hichohicho cha kwenye picha.

Wiki iliyopita niliishia pale Jumatatu asubuhi, Fundi aliponipigia simu anacheka mpaka anakohoa, akasema, "Bwana mdogo, ile picha ni yangu."

Sikuamini. Nikamfuata kibandani kwake.

Fundi ana ugonjwa mmoja. Kila anachokitoa kwenye bomba lazima akipige picha. Anakiweka vizuri, anatafuta mwanga, anapanda juu ya kiti anakipiga kwa juu. Anasema mteja haamini kazi mpaka aone kilichotoka. Nina picha zake mia tatu na sijawahi kuzitazama nikiwa na njaa.

Akanitolea simu yake. Sufuria ileile.

"Hii ni kabla mtu wako hajaitia rangi," akasema. "Yangu ni ya kijivu, unaona? Yeye kaiongezea wekundu. Na huo mvuke sijui kautoa wapi, maana hiki kitu kilikuwa baridi kama maiti."

"Fundi, hiki ni nini?"

"Mafuta ya sinki. Miaka sita hayajaguswa. Nilizamisha mkono mpaka hapa." Akanionyesha begani.

"Na hivi viazi?"

"Viazi gani? Hayo ni mafuta yaliyoganda. Ukiyabonyeza ndani yana ute."

"Hizi za kijani?"

"Dodoki la kuoshea vyombo. Limechambukachambuka."

Niliogopa kuuliza, nikauliza. "Na huu mnofu?"

Akaisogeza simu karibu na macho, akautazama kwa mapenzi. "Huo hata mimi mwanzo nilijua ni panya. Kumbe kitambaa cha kufutia meza."

Mate yakanijaa mdomoni, yale yanayotangulia kabla ya kutapika. Nikayameza. Watu elfu nne walikuwa wamemeza ya kwao kwa hamu.

"Ni jiko la nani hilo?"

"Hapo umenishika pabaya, bwana mdogo. Mtu akishaona kilichotoka kwenye bomba lake, ombi lake la kwanza nisimtaje. Nimeapa."

"Na sufuria?"

"Niliiokota palepale. Ndoo yangu ilipasuka kitako, nikaona sufuria chakavu kwenye kona, mshikio umefungwa waya mwekundu, nikabebea. Nani angeipikia tena? Nilipomaliza nikaitupa na mzigo wake."

* * *

Nikampigia Msaidizi. Nilikuwa nimepanga kufoka. Yeye akaanza kwa adabu, na adabu ya yule mama inakata makali.

"Bosi, habari za asubuhi. Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo. Ile picha ya sufuria umeitoa wapi?"

"Maelekezo yako ninayo hapa, ngoja nikusomee. Sufuria. Ijae. Ipigwe kwa juu. Isiwe picha ya kuiba kwa watu. Basi nikaingia kwenye lile faili la picha ulilonipa wewe."

"Faili lile lina picha za wateja wawili, dada'ngu."

"Ulinitenganishia, bosi?"

Sikuwa nimetenganisha. Nilizimwaga zote pamoja siku moja nikiwa nimelala chali kwenye kochi.

"Haya. Lakini kweli kabisa, wewe na macho yako, ukakiona kile kitu ukasema ni chakula?"

"Nikwambie ukweli, bosi? Niliona kinyaa. Nilikuwa nakunywa chai, ikanishinda, nikaimwaga. Lakini nikajisemea, huenda ndicho chakula cha kwao. Mimi sikulelewa kudharau chakula cha watu. Nikakiongezea wekundu kidogo, kukisaidia."

"Kukisaidia."

"Na mvuke. Halafu nikakutumia wewe mwenye chakula chako, useme. Nilikutumia saa nne na dakika mbili. Dole lako limefika saa nne na dakika mbili."

Sasa mtu kama huyo unamfokea nini? Nikamshukuru, nikakata simu, nikaingia kwenye ukurasa wa dada nikaifuta ile picha. Nikasema yameisha.

Hazikupita dakika ishirini, dada huyo hewani.

"We mtoto, nani kafuta mchuzi wangu?"

"Nani, mimi? Labda mtandao, dada."

"Mtandao utafuta changu wakati vya wenzangu vipo? Bahati yako niliihifadhi. Nimeshairudisha. Tena nimeichapisha kwenye aproni mbili, moja yangu, moja yako. Alhamisi tunaenda sare."

* * *

Jumatano nikaamua kusema ukweli. Nisikilize vizuri hapa, kwa sababu kuna watu wataniuliza kwa nini sikusema. Nilisema.

Nilimkuta jikoni kwake, kainamia sufuria, simu kaiegemeza kwenye kopo la chumvi, picha ile imejaa kioo chote. Anakoroga mara moja, anatazama picha mara mbili.

"Umekuja kwa wakati, Msomi," akasema. Msomi ni jina alilonipa baada ya chuo kunishinda mwaka wa tatu, na analitamka kama mtu anayetema mbegu. "Hebu nisaidie. Hizi za kijani ni hoho, eeh?"

"Dada, kaa chini."

"Nina muda wa kukaa? Hizi za kijani."

"Dodoki."

"Nini?"

"Dodoki la kuoshea vyombo. Dada, ile picha si mchuzi. Ni uchafu alioutoa Fundi Bomba kwenye sinki la watu. Picha zilichanganyika, mimi nikaidhinisha bila kutazama. Hivyo viazi ni mafuta yaliyooza. Huo mnofu ni kitambaa."

Akanitazama. Mwiko ukabaki hewani, unadondosha.

Halafu akacheka. Mungu wangu, alivyocheka. Alicheka mpaka akakaa juu ya ndoo, akajifuta machozi kwa upindo wa khanga.

"Kitambaa," akasema. "Yaani umekaa ukafikiria, ukaona kitambaa. Wewe mtoto una kazi."

"Dada, sitanii."

"Hukutania uliponiambia bwana harusi katoroka, mimi nimeshavaa gauni? Hukutania na mende wa plastiki kwenye unga, mbele ya wateja?"

"Muulize Fundi mwenyewe."

"Fundi yupi? Si huyohuyo uliyempanga kwenye mambo ya mende, akaja hapa na dawa ya kupuliza, uso mkavu?"

Ni kweli, nilimpanga. Na alikuja na uso mkavu kweli.

Na kuna kubwa kuliko hilo. Siku niliyomwambia nimeacha chuo, dada yangu alicheka wiki nzima akijua ni vituko vyangu. Aliwasimulia mpaka majirani. Akaacha kucheka siku barua ya chuo ilipofika, na ada alikuwa ameilipa yeye, kwa kufua mashuka ya hospitali. Ukweli wangu mmoja tu wa maana, nao aliupokea kama mzaha.

"Basi tazama sufuria," nikasema. "Hiyo sufuria si yako."

Akainama, akatazama. Nikaona kipaji cha uso kimekunjana, nikapata tumaini.

"Kweli si yangu," akasema. "Itakuwa ya kuazima. Ule msiba wa jirani nilipika sufuria kumi na nne, nitaikumbuka ipi? Lakini mkono ni wangu. Mafuta kuelea hivyo, hakuna mwingine."

Akasimama, akanishika bega. Kicheko kilikuwa kimemwisha.

"Mdogo wangu, yale mashuka niliyaacha Ijumaa. Miaka kumi na moja, nimeacha, kwa ajili ya hii shule. Msimamizi aliniambia nikitoka nisirudi. Mengine yote nitanie. Hili niachie."

Nifanye nini? Nikasimama pembeni yake nimemshikia simu, yeye akaiga. Akatafuta ule ukijivu wa chini, akaupata kwa kuunguza vitunguu. Akakata viazi vikubwavikubwa, akavivunja kingo vifanane. Akapasua hoho kama dodoki lililochambuka. Akachukua mnofu mmoja bapa, akaukunja, akaulaza katikati kama kile kitambaa kilivyolala. Kila alipopatia, alinitazama kama mtoto aliyepata vema.

"Onja."

Nikaonja. Mchuzi ulikuwa mtamu, nakwambia ukweli. Ulimi ukaukubali, tumbo likakumbuka bega la Fundi. Nikatoka mbio mpaka nyuma ya ukuta.

"Kama una mimba useme," dada akapaza sauti kutoka jikoni.

* * *

Alhamisi saa sita tukaingia kwenye bwalo la shule, dada na mimi, aproni kifuani. Picha ile ilikuwa imechapishwa kubwa, mnofu umenikalia sawasawa juu ya moyo.

Harufu ndiyo iliyotupokea. Ilitoka upande wa jiko, nzito, yenye utelezi, kama maji ya chombo cha maua yaliyosahauliwa. Dada akakunja pua kidogo, kiheshima.

"Mtusamehe," Mwalimu Mkuu akasema. Mama mrefu, miwani kwenye kamba. "Sinki la jikoni linatusumbua tena. Nimeshamwita mtu."

Nikajiambia masinki yapo mengi duniani.

Kamati ilikuwa watu watatu: Mwalimu Mkuu, Mwenyekiti wa Wazazi, ambaye ni baba mwenye tumbo la mtu anayekaribishwa sana, na Mtunza Stoo, mzee mwembamba, funguo zimemjaa kiunoni. Ukutani walikuwa wameimulika ile picha kwa projekta. Imejaza ukuta mzima, sufuria kubwa kama mlango wa gereji. Vile viazi ukubwa wa vichwa vya watu. Kwa ukubwa ule niliona kitu ambacho sikuwa nimekiona kwenye simu: unywele. Mrefu, umejikunja kwenye ukingo wa mafuta.

Dada akapakua. Wakala.

"Haa," Mwenyekiti wa Wazazi akasema, akafumba macho. "Ndiyo hii. Ndiyo yenyewe ya kwenye picha."

"Nimeunenepesha kidogo, baba," dada akasema.

"Usiuguse. Uache hivihivi." Akatazama ukutani, akachota, akatazama tena, akachota. Alikuwa anakula sahani na ukuta kwa pamoja. Nikatazama viatu vyangu.

"Hizi za kijani ndizo zinanimaliza," Mwalimu Mkuu akasema. "Watoto hawapendi mboga, lakini hizi watakula. Mama, mimi nimeridhika. Mwenyekiti?"

"Mimi niliridhika nikiwa nyumbani. Hapa nimekuja kuongeza tu."

Dada akanifinya mkono chini ya meza. Mkono wake una magamba ya sabuni ya miaka kumi na moja. Na mimi, Mungu anisamehe, nikaanza kufikiri kwamba labda itapita. Atapata kazi, watoto watakula chakula kizuri cha kweli, na lile sinki litabaki kati yangu na Fundi.

"Mzee, wewe mbona huli?" Mwalimu Mkuu akamuuliza Mtunza Stoo.

Mzee hakuwa amegusa kijiko. Alikuwa anautazama ukuta. Akainuka, funguo zikalia, akausogelea, akaweka kidole kwenye kona ya picha, pale mshikio ulipofungwa waya mwekundu.

"Hii sufuria ni yetu," akasema.

"Huo waya nimeufunga mimi kwa mikono yangu. Ilipotea mwezi uliopita humu jikoni. Nikaandikiwa barua ya onyo, mwalimu, uliniandikia wewe. Miaka ishirini na mbili stoo, barua ya kwanza." Akamgeukia dada. "Mama, sufuria yetu imefikaje kwako?"

Hapo ndipo yaliponiingia yote kwa pamoja. Jiko kubwa. Mteja asiyetaka kutajwa. Miaka sita hayajaguswa. Nikatazama mlango wa jiko, harufu ikanijibu.

Dada yangu hajawahi kuiba hata sindano. Lakini Ijumaa alikuwa ameyaacha mashuka, na bado kidogo tu aambiwe karibu. Nikamwona anavuta pumzi.

"Hiyo sufuria ni yangu," akasema. "Niliinunua mwenyewe. Waya mwekundu watu wengi wanafunga."

"Ina tundu chini ya mshikio, nimeliziba kwa risasi ya kuyeyusha," mzee akasema taratibu. "Ilete tuone."

"Mama," Mwalimu Mkuu akasema, na sauti yake ilikuwa imeshabadilika. "Mimi siwezi kumpa jiko la watoto mia sita mtu ambaye..." Hakumaliza. Akavua miwani.

"Muulizeni mdogo wangu," dada akasema. "Yeye ndiye mwenye picha. Aliipiga nyumbani kwangu, nikiwa napika. Waambie, baba."

Hajawahi kuniita baba tangu nikiwa mdogo wa kubebwa. Halafu akainama kama anayeniweka sawa aproni, akaninong'oneza, "Leo tu, usitanie."

Macho yote kwangu. Nikinyamaza, dada yangu ni mwizi. Nikidanganya, mzee anadai sufuria iletwe. Nikisema ukweli, hawa watu wana vijiko mikononi.

"Dada yangu hajaiba sufuria," nikasema. "Hajawahi hata kuiona."

Nikamsikia dada ameacha kuvuta pumzi.

"Hiyo picha haikupigwa kwake. Ilipigwa humu, jikoni kwenu. Na kilichomo si mchuzi. Ni kile kilichotoka kwenye sinki lenu mwezi uliopita."

Wa kwanza kucheka alikuwa dada yangu. Kicheko kikavu, cha juu, macho hayamo. "Huyu ndivyo alivyo," akasema. "Mtoto wa vituko huyu, mtamzoea. Sinki, eti."

Mwenyekiti wa Wazazi akadakia, tumbo likamtikisika. "Sinki," akasema, "na mimi naongeza sinki jingine." Akasogeza sahani. Hata Mwalimu Mkuu akatabasamu, akavaa miwani yake, akachota kijiko kikubwa apate cha kufanya wakati anafikiri. Mtunza Stoo peke yake ndiye hakucheka. Alikuwa ananitazama mimi, kidole bado kipo kwenye waya.

Mlango wa jiko ukafunguliwa, harufu ikaingia kwanza.

"Hodi wenyewe," akasema mtu. "Samahani mwalimu, nimechelewa, nilikuwa natafuta ndoo nyingine."

Fundi Bomba. Begi la kazi begani, mpira wa kuzibulia mkononi. Akaniona mimi, akaona aproni yangu, akashangaa kidogo. Halafu akainua macho ukutani.

Akaliweka begi chini polepole. Akavua kofia. Uso wake ukafunguka wote, kama baba aliyeona jina la mwanawe gazetini, akaanza kuisogelea ile picha, mkono umenyooka mbele.

Mwalimu Mkuu alikuwa bado hajameza.